Punda wa Kwanza: Mlishe Miezi Mitatu Kabla Hujamnunua

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, shangazi yangu wa Kayafungo alinipigia simu jioni. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na Sh18,000 zilikuwa zimeingia kwa simu yake mchana huo.

"Mwanangu, wewe si ndiwe unafanya kazi na hawa watu wa pesa za simu? Haya nambie. Nimnunue punda ama nisimnunue?"

Mimi nilisomea masoko chuo kikuu. Kuhusu punda nilikuwa najua methali mbili tu: fadhila zake ni mateke, na eti punda afe mzigo ufike. Lakini swali la shangazi lilikuwa swali la pesa, na maswali ya pesa ndiyo kazi yetu hapa. Tuliketi nalo kwa miezi kadhaa. Leo nakupa somo lote tulilojifunza, maana wateja wengi wa Kaloleni, Mwanamwinga, Mariakani na kwingineko wanaochota maji mbali wanajiuliza swali hilo hilo.

Kama wewe unafikiria ng'ombe wa maziwa au pikipiki ya kwanza badala ya punda, endelea kusoma. Hesabu ni ile ile.

1. Bei ya kununua si gharama ya kumiliki

Wengi wetu tukitaka kununua kitu kikubwa tunauliza swali moja: "Ni pesa ngapi?" Kwa sufuria swali hilo linatosha. Kwa punda halitoshi, kwa sababu sufuria haili.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Wewe weka za kwenu.

Tuseme nyumba yako inatumia mitungi 6 ya lita 20 kwa siku. Mwenye mkokoteni anakuletea mlangoni kwa Sh20 kila mtungi. Hiyo ni Sh120 kwa siku, au Sh3,600 kwa mwezi wa siku 30.

Ukiwa na punda wako, unalipa tu pale kioski cha maji. Tuseme Sh5 kwa mtungi. Mitungi 6 ni Sh30 kwa siku, Sh900 kwa mwezi. Umeokoa Sh2,700! Hapa ndipo watu wengi hufunga daftari na kwenda kutafuta punda.

Ngoja kwanza. Sasa hesabu yeye mwenyewe:

- Pumba, nyasi na mabua ya kununua wakati malisho yamekauka: Sh40 kwa siku, yaani Sh1,200 kwa mwezi.
- Dawa ya minyoo, chanjo na kukata kwato, ukigawanya gharama ya mwaka kwa miezi 12: Sh300.
- Kamba, shogi na mitungi inayopasuka: Sh200.
- Akiba ya ugonjwa wa ghafla: Sh300.

Jumla ni Sh2,000 kwa mwezi. Kwa hivyo katika zile Sh2,700 ulizookoa, zinazobaki mkononi ni Sh700.

Kama punda ni Sh15,000, na shogi na mitungi ni Sh3,000, umetoa Sh18,000. Gawanya kwa 700. Pesa zako zitarudi baada ya miezi kama 26, yaani miaka miwili na zaidi. Tena hiyo ni kama punda hajaumwa sana, hajaibiwa na hajafa.

Sisemi usinunue. Sh700 si pesa yote unayopata. Kuna kichwa na mgongo wako vinavyopumzika, na mtoto anayewahi shule badala ya kwenda bwawani alfajiri. Hayo nayo yana thamani. Nasema ujue unanunua nini: unanunua muda na nafuu kwanza, faida baadaye.

2. Na nikiuzia majirani maji?

Hili shangazi aliliuliza mara moja, kabla sijamaliza sentensi.

Tuseme unawauzia majirani mitungi 4 kwa siku, na kila mtungi unakuachia Sh15. Hiyo ni Sh60. Ukifanya kazi siku 24 kwa mwezi unapata Sh1,440. Ongeza zile Sh700, unafika Sh2,140. Sasa Sh18,000 zinarudi kwa miezi 8 hadi 9. Tofauti ni kubwa.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwa shilingi. Ni hesabu ya miguu ya punda.

Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Ushauri wa kawaida ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda wa kilo 150 basi asibebe zaidi ya kilo 50. Ni mitungi miwili, mmoja kila upande. Ile minne tunayoiona barabarani ni kilo 80.

Sasa wewe unataka mitungi 10 kwa siku: 6 yako na 4 ya majirani. Miwili kwa miwili, ni safari 5. Kama maji yako kilomita moja kutoka nyumbani, kwenda na kurudi ni kilomita 2, na safari 5 ni kilomita 10. Inawezekana. Kama maji yako kilomita 4, safari 5 ni kilomita 40 kila siku, juani. Hapo biashara imekwisha kabla haijaanza, hata kama majirani wamekuahidi kununua.

Mkokoteni huwezesha punda kuvuta zaidi ya anachobeba mgongoni, lakini mkokoteni wenyewe ni pesa nyingine, na unataka njia ya kupita. Na ujue kumzidishia mnyama mzigo au kumpiga ovyo ni kosa kwa sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Hata bila sheria, pesa yako ndiyo inatembea kwa ile miguu minne.

3. Mvua ikinyesha je?

Masika ikifika, kuanzia Aprili na Mei, kila mwenye bati anakinga maji. Vuli nayo vivyo hivyo. Wateja wako wa mitungi wanapungua, wengine wanaisha kabisa kwa wiki kadhaa. Punda hapunguzi kula.

Kwa hivyo ukipiga hesabu ya biashara ya maji, usihesabu miezi 12 ya mauzo. Hesabu ile ya kiangazi tu, halafu ujiulize: wakati wa mvua kuna mzigo gani mwingine? Kuni, nazi, mahindi ya kupeleka kinuni, mchanga? Kama jibu ni "tutaona", bado hujapata jibu.

4. Jaribio la miezi mitatu

Sasa tufike kwenye somo lenyewe. Njia bora ya kujua kama unaweza kumlea punda ni kuanza kumlea kabla hujamnunua. Fanya hivi:

*Kwanza*, pesa ya kununua iweke mahali ambapo hutaigusa. Simu nyingi siku hizi zina akaunti ya akiba yenye kufuli: unachagua kiasi na tarehe, na pesa hazitoki kirahisi kabla ya siku hiyo. Pesa zikikaa kwenye salio la kawaida, zitakwenda kidogo kidogo kwa sukari, matanga na michango.

*Pili*, chukua ile gharama ya mwezi (kwa mfano wetu Sh2,000) uigawanye kwa siku. Inakuja kama Sh70. Kila jioni tuma Sh70 kwa akiba tofauti na ile ya kwanza. Ipe jina "Punda". Kama huduma unayotumia inakuruhusu kuweka akiba ijitume yenyewe kila siku, weka.

*Tatu*, endelea hivyo siku 90 bila kuruka. Ukiruka siku mbili, lipa deni la siku mbili. Punda hafungi.

Najua utaniambia: "Lakini kwa sasa bado nalipa maji ya mkokoteni, na tena naweka Sh70. Si ni mara mbili?" Ndiyo, ni mara mbili. Kuna siku punda wako atachechemea au atatoka kidonda mgongoni, na itabidi apumzike. Siku hizo utamlisha na utanunua maji ya mkokoteni. Jaribio hili linafanana na siku hizo mbaya. Ukiweza hizo, nzuri zitakuwa rahisi.

Baada ya siku 90 utakuwa na Sh6,300. Usizile wala usiziongeze kwenye bei ya kununua. Hizo ndizo akiba ya kwanza ya matibabu yake.

Na ukishindwa njiani? Hujapoteza kitu. Pesa zako bado ziko, na umejua jambo ambalo wengine hulijua wakiwa tayari na mnyama mgonjwa uani.

5. Nichukue mkopo wa simu?

Rudi kwenye hesabu yetu. Punda wa nyumbani anakuachia Sh700 kwa mwezi. Mkopo wa siku 30 unataka urudishe zote, na ada juu yake, mwezi ukiisha. Sh18,000 huwezi kuzirudisha kwa Sh700. Hata yule wa biashara wa Sh2,140 hawezi.

Mkopo mfupi unafaa kwa pesa inayorudi haraka, kama muuza samaki anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Mnyama anarudisha polepole. Kama ni lazima ukope, tafuta chama au sako inayokupa miezi mingi, na marejesho yake yatoshe ndani ya ile pesa inayobaki baada ya chakula chake.

Njia nyingine ni kununua wawili wawili, wewe na wifi yako au jirani, mkagawana siku. Mkifanya hivyo andikeni: nani anamtunza siku gani, nani analipa daktari, na mkikosana anauzwaje.

6. Siku ya kununua: macho kwanza, simu baadaye

Shangazi alipoanza kuulizia punda, kuna mtu alimtumia picha kwa simu. Punda mzuri, mnene, bei rahisi. "Mama, wateja ni wengi, tuma Sh3,000 nikushikie." Akanipigia kwanza. Tukamjibu kwamba tutalipa tukimwona punda. Yule mtu hakujibu tena, na ile nambari haikupatikana kuanzia siku hiyo.

Sheria ni fupi: usitume shilingi hata moja kwa mnyama ambaye hujamshika. Arubuni, pesa ya usafiri, pesa ya "kibali", zote zingoje.

Ukifika kwa muuzaji, nenda na mtu anayejua punda, na mwangalie hivi:

- Meno. Ndiyo yanayoonyesha umri. Punda afanye kazi akiwa amekomaa, miaka mitatu au minne kwenda juu. Mdogo zaidi utamharibu mgongo.
- Mgongo na mabega. Pitisha mkono. Vidonda na makovu makubwa yatakwambia alivyotumiwa.
- Kwato na mwendo. Mtembeze mahali pagumu. Anachechemea? Kwato zimekuwa ndefu na kujikunja?
- Macho, pua na mavi. Macho yawe maangavu, pua isitoke usaha, asiwe anahara.
- Mzigo. Mwombe muuzaji ambebeshe mitungi miwili uone anavyotulia.
- Jike mwenye mimba? Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima, na miezi ya mwisho lazima apumzishwe, hata baada ya kuzaa. Utapata mwana punda, lakini utakosa kazi kwa miezi kadhaa. Hesabu hiyo pia.

Mkikubaliana bei, mwite mzee wa mtaa au mtu wa ofisi ya chifu awe shahidi. Andikeni karatasi: majina, nambari za vitambulisho, rangi na alama za punda, bei na tarehe. Kama anatoka mbali, ulizeni ofisi ya mifugo kuhusu kibali cha kumsafirisha.

Ndipo utoe simu. Weka nambari, weka kiasi, na kabla ya kukamilisha muamala soma jina linalokuja. Liwe ndilo lile lililo kwenye kitambulisho cha muuzaji. Kama ni jina lingine ("hiyo ni laini ya shemeji yangu"), simama. Ukishatuma, andika ile nambari ya muamala kwenye karatasi ya makubaliano, na ujumbe usiufute.

Na kama wewe ndiye muuzaji, usiangalie ujumbe peke yake. Ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako, uone zimeingia, ndipo uachilie kamba.

7. Mlinde kama pesa

Hili si la kumtisha mtu, lakini ni sehemu ya hesabu. Ngozi ya punda ina soko kubwa China, ambako hupikwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Kenya iliruhusu vichinjio vya punda, na wizi ukaongezeka vijijini. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilihesabu takriban milioni 1.2. Mwaka 2020 serikali iliamuru vichinjio vifungwe, mwaka uliofuata mahakama ikaiondoa amri hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku biashara ya ngozi ya punda barani.

Kwako wewe maana yake ni mbili. Moja, usiku punda alale karibu na nyumba, mahali pa kufungwa. Mbili, akiibiwa, kumpata mwingine si kwa bei ya mwaka juzi.

Kuhusu afya, hifadhi nambari ya daktari wa mifugo kwenye simu yako *kabla* ya kununua. Kule Lamu, ambako punda ndio magari, kuna hospitali ya punda tangu 1987. Sisi huku hatuna, kwa hivyo daktari wako ni ile nambari. Muulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo umebeba jina lake bure? Kidonda kidogo cha msumari kinatosha kumuua. Muulize pia kuhusu ndorobo kama mnapakana na msitu, na usiache mifuko ya plastiki uani. Punda akimeza hawezi kutapika.

8. Shangazi aliishia wapi?

Alianza jaribio katikati ya Novemba. Wiki ya tatu mtoto akapata malaria, na akiba ya "Punda" ikatoka yote. Alinipigia akiwa na hasira kidogo. "Hilo jaribio lako limenishinda."

Nikamuuliza, "Shangazi, ingekuwa pesa yote iko kwa punda, ungempeleka mtoto hospitali na nini?"

Akanyamaza. Halafu akasema, "Ningemuuza. Kwa bei ya kutupa."

Januari alitoa Sh8,000 za karo kutoka kwa zile za chama, zikabaki Sh10,000. Februari mosi akaanza upya, Sh70 kila jioni. Hakuishia siku 90, aliendelea mpaka mwisho wa Julai, akafikisha kama Sh12,600. Jumla Sh22,600.

Agosti alinunua jike kwa Sh14,500, na shogi na mitungi kwa Sh3,000. Zikabaki Sh5,100 ambazo alikataa kuzigusa.

Novemba, mwaka mzima baada ya ile simu ya kwanza, shogi lilimchuna punda mgongoni. Daktari akasema apumzike. Alipumzika siku 16. Maji ya mkokoteni siku hizo yalikuwa Sh1,920, daktari na dawa Sh1,300. Jumla Sh3,220, zote kutoka kwa zile Sh5,100. Hakukopa, hakumuuza, na hakumtwisha mzigo akiwa na kidonda.

Jirani yake alimwona punda amefungwa kivulini siku zote hizo akamcheka: "Si wasema punda afe mzigo ufike?"

Shangazi akamjibu, "Huyo ni wa mwenye punda kumi. Mimi ninaye mmoja. Akifa, mzigo haufiki."

Kazi yako ya wiki hii

1. Kwa siku 7, andika kila shilingi unayotoa kwa maji na usafiri wa mizigo. Ukilipa kwa simu, taarifa ya miamala yako tayari ina hesabu hiyo.
2. Pima umbali wa maji, kwenda na kurudi. Zidisha kwa safari.
3. Uliza mwenye punda jirani anatumia ngapi kwa mwezi, na mara ya mwisho alimwita daktari lini.
4. Fungua akiba ya "Punda" na uweke pesa ya leo jioni.

Siku ya 90 hutahitaji kuniuliza ununue au usinunue. Angalia akiba yako tu.